Karabai ya Baba isiuzwe

Kirumba, Mwanza

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mvua tu ndiyo inatusumbua. Nimesikia mmeanza kutoa vitu kwenye nyumba ya marehemu Baba, na mnunuzi wa chuma chakavu keshapita kuulizia. Nakuomba sana, ile karabai, taa yake ya pampu ya kuvulia dagaa, isipande kwenye mizani yake.

Juzi niliwapeleka watoto Bujora, pale Kisesa. Makumbusho yale ya Wasukuma, aliyoyaanzisha Padri David Clement yakafunguliwa 1968, yametunza ngoma na vitu vya watemi, machifu wetu wa zamani, vizuri mno. Moyo wangu ulijaa. Lakini njiani kurudi mdogo akauliza babu zake walivua dagaa kwa taa gani, nami sikuwa na cha kumwonyesha. Za watemi tunazo. Za wazazi wetu wenyewe tunazipima kwa kilo!

Siku hizi mialoni, kule mitumbwi ya uvuvi inakotia nanga, ni taa za sola na betri. Ni nafuu kwa mvuvi, hanunui tena mafuta ya taa kila usiku, na simlaumu yeyote. Ila nani atamweleza mtoto jinsi Baba alivyopasha bomba kwa spiriti mpaka mafuta yageuke mvuke, akapiga pampu, na kile kitambaa kikawaka cheupe pe? Kikishaungua mara ya kwanza kinabaki jivu tu, ukikigusa kwa kidole kimekwisha. Ndiyo maana alishuka nayo mtumbwini ameikumbatia kama mtoto mchanga. Kioo chake kilipasuka, akakifunga waya, na kichwa cha pampu kimeng'aa kwa kiganja chake. Hata ningeletewa mpya dukani, ningechagua hiyo.

Na redio yake, ile ya kasha la ngozi aliyosikilizia matangazo ya vifo ya Redio Tanzania, iwekeni pia, hata kama haisemi.

Kaa na Mama jioni moja umuulize: karabai ilinunuliwa wapi, ilivua mwalo gani, nani walikuwa mtumbwi mmoja na Baba. Andika kwenye karatasi, uifunge mpinini kwa uzi. Bila hiyo, hata makumbusho wakiipokea, hawatajua ni ya nani.

Bei aliyotaja huyo bwana nitalipa mimi. Jumamosi nakuja na boksi. Tafadhali msiioshe, ule moshi uacheni.

Wako akupendaye.