Chupa iliyotobolewa na hisabati ya sekondari

Mhariri,

Maswali mengi ya "hisabati katika maisha" kwenye vitabu vya sekondari huja yameshatafunwa: namba zote zimetolewa, isiyohitajika haimo, na fomula iko ukurasa uliotangulia. Kuunda modeli ni kazi nyingine kabisa. Mwanafunzi huanza na swali, huamua lipi azingatie na lipi aliache, huandika mlinganyo, kisha huulinganisha na vipimo halisi na kuurekebisha. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa sana, na ndiyo yenye uhondo.

Itafutwe chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, yenye pande zilizonyooka. Itobolewe karibu na kitako tundu la milimita 3 hadi 4, ibandikwe rula ambayo sifuri yake iko usawa wa tundu, ijazwe maji hadi sentimita 16. Kimo kiandikwe kila baada ya sekunde 10. Maji yatafika kwenye tundu baada ya muda gani?

Tuseme katika sekunde 10 za kwanza yameshuka hadi sentimita 14. Wengi watajibu: sekunde 80. Zikitimia hizo 80, sentimita karibu 4 bado zimo, na maji yataendelea kutoka hadi kama sekunde 155. Hapo mwalimu asikimbilie ubao. Awaache watazame mchirizi: unaangukia karibu zaidi na chupa kuliko mwanzo. Kimo kikipungua, msukumo wa maji kwenye tundu nao hupungua, na kasi ya kutoka hufuata kipeuo cha pili cha kimo. Basi wachore kipeuo hicho dhidi ya muda. Nukta ambazo kwenye mchoro wa kimo chenyewe hujipinda zitanyooka, na mstari ukirefushwa hadi sifuri, jibu ni hilo.

Kizibo kikiachwa kimefungwa, hewa haiingii na maji hutoka kwa kukwamakwama. Kimo kikipimwa kutoka kitakoni badala ya tunduni, mstari haunyooki. Sentimita ya mwisho isihesabiwe, maana maji huanza kudondoka matone.

Vipindi viwili vinatosha. Shida kubwa ni usahihishaji: aliyesema 80, akaeleza modeli yake ilikosea wapi na akaibadili, apate alama nyingi kuliko aliyenakili fomula sahihi asijue ilikotoka.

Mwalimu wa hisabati