Goti jipya, na dawa inayokwisha saa 7 usiku

Mgonjwa amebadilishwa goti Dar es Salaam au Mwanza, amerudi Kigoma, na wiki ya pili mwanawe yuko dirishani kwetu, duka la dawa: "Nipeni dawa kali zaidi, mzee halali."

Kabla hatujagusa kabati tunaomba bahasha ya dawa. Mara nyingi imeandikwa parasetamoli 2×3, na mzee kweli amemeza: mbili kwa chai, mbili mchana, mbili saa 1 jioni baada ya ugali na dagaa. Kutoka hapo mpaka chai ya kesho ni saa 12 nzima. Parasetamoli hushika saa nne hadi sita tu. Ikifika saa 7 usiku imekwisha, na goti linamwamsha.

2×3 maana yake ni kila baada ya saa nane: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Wekeni alamu ya simu. Wiki za mwanzo dawa humezwa kwa saa. Ukingoja maumivu yapande, kuyashusha ni kazi. Kama kuna mazoezi, dozi moja iangukie nusu saa hadi saa nzima kabla yake, maana goti lisilokunjwa kwa woga hukakamaa, na kulilegeza baadaye ni shughuli.

Kinachotutisha ni kuongeza dawa kienyeji. Vidonge vya miligramu 500, mtu mzima asizidishe vinane kwa saa 24. Watu huvuka bila kujua, kwa sababu dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, na vipo vidonge vilivyochanganya diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, nayo. Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu: usimeze zote mbili, na meza baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, figo au presha aseme kwanza. Aseme pia aliyepewa dawa ya kuzuia damu kuganda, na wengi hupewa baada ya operesheni hii, maana zikikutana tumbo linaweza kuvuja damu.

Tramadoli, dawa kali ya maumivu, hatuuzi bila cheti cha daktari, hata mkitulilia. Aliyeandikiwa atarajie kizunguzungu na choo kigumu: maji mengi, papai, mtu wa kumshika akienda msalani usiku. Pombe, hapana.

Kigimbi kikivimba na kuuma, kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda au pumzi ikibana, msije dukani. Nendeni hospitali ya Maweni moja kwa moja. Kwa mengine, njooni na karatasi ya ruhusa na bahasha zote, hata tupu, tuwaandikie saa juu yake kwa kalamu.