Ndama kwanza: barua kwa mabinti zangu mnaokamua maziwa kazini Dodoma

Mbukwenyi, wanangu; ndivyo sisi Wagogo tunavyosalimiana.

Nawaandikia ninyi mliojifungua juzijuzi, mkamaliza siku 84 za likizo, mkarudi Mtumba kwenye ofisi za serikali, mjini kati, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na kwingineko mkiwa na pampu ya maziwa mkobani. Mkamwana wangu ni mmoja wenu. Mimi nimekuwa muuguzi mkunga katika mkoa huu kwa miaka 31, na tangu nistaafu kazi yangu ni kulea mjukuu wa miezi mitano hapa Nkuhungu. Kwa hiyo jambo hili nalijua kwa pande zote mbili: yanakotoka maziwa na yanakofikia.

Kilichonishikisha kalamu ni chupa moja. Wiki iliyopita mkamwana aliingia jioni, akaitoa kwenye begi na kuiweka mezani kama mtu anayelipa deni pungufu. Ndani mlikuwa na mililita 50. "Mama, maziwa yangu yameisha," akasema, na machozi yakaanza kumlenga. Mtoto alikuwa na kilo zake nzuri, analowesha nepi sita na zaidi kwa siku, mashavu yamejaa. Hakuna kilichoisha pale isipokuwa moyo wa mama yake.

Nikamsimulia habari za ng'ombe. Najua neno "kukamua" linawakera wengi wenu, mnaona kama mnageuzwa mifugo. Lakini sisi Wagogo ng'ombe hatumwonei aibu, na kwake mimi nilijifunza mambo ambayo chuo cha uuguzi kilikuja kuniambia baadaye kwa maneno marefu.

Nyumbani kwetu Chamwino, kazi ya mtoto wa miaka saba ilikuwa kushika ndama. Ng'ombe wetu wa asili hatoi maziwa kwa sababu wewe una kibuyu. Unamfungulia ndama kwanza, ananyonya, anampiga mama yake kwa kichwa, povu linamtoka midomoni. Hapo mtoto unavuta kamba kwa nguvu zako zote, ndama anafungwa karibu na mguu wa mbele ili mama aendelee kumlamba, ndipo mkamuaji anachuchumaa. Ukienda bila ndama, ng'ombe anakutazama tu. Maziwa anayo, kayashikilia. Mwaka mmoja ndama alikufa, baba akamchuna, ngozi akaijaza majani makavu na kuisimamisha mbele ya yule ng'ombe. Akainusa, akailamba, maziwa yakashuka. Nilikuwa mdogo, nikaona ni uchawi.

Si uchawi. Ni homoni iitwayo oksitosini. Mtoto akinyonya, au ukisikia tu sauti yake au harufu yake, ubongo wako unaiachia, nayo inabana vifuko vya maziwa ndani ya titi ili yashuke kwenye mirija. Hofu, haraka, maumivu na aibu huichelewesha. Sasa jifikirie: umejifungia stoo ya ofisi, kikao kinaanza saa tano, mtu anagonga mlango akitafuta toneri ya printa, na umeukodolea macho mstari wa mililita 30. Huyo ni ng'ombe asiye na ndama, na mashine hata ikiwa ya bei gani itavuta hewa.

Basi mpeleke ndama ofisini. Chukua ile kanga aliyolalia usiku, usiifue, itie mkobani. Kabla ya kuwasha mashine nawa mikono, kaa vizuri, shusha mabega, iweke kanga karibu na pua. Fungua video yake akicheka au akilia, yoyote ile. Papasa matiti taratibu kutoka pembeni kuelekea kwenye chuchu kwa dakika moja au mbili. Ndipo uanze, kwa mvuto mdogo wa harakaharaka kama mtoto anavyoanza, na ukiona yanatiririka uende polepole. Nguvu ya mashine isizidi pale ambapo huumii. Wengi mnaipandisha hadi mwisho mkidhani mtapata zaidi, mnachopata ni chuchu zilizochubuka. Na kile kifuniko chenye umbo la koni kinachokaa kwenye titi kina saizi zake. Chuchu ikisuguana na ukuta wake, au weusi unaoizunguka ukiingia ndani sana, saizi si yako. Hilo peke yake limewafanya wanawake wachukie pampu bure.

Asiye na pampu asijione fukara. Mkono unatosha. Kidole gumba juu, viwili chini, nyuma kidogo ya chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana, achia. Usiivute chuchu yenyewe. Umeme ukikatika mtanikumbuka.

Hapa niungame kosa langu. Miaka ya nyuma nilikuwa wodi ya watoto njiti, hospitali sitaitaja. Mama mmoja kutoka vijijini alikuwa anakamua kwa mkono kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, kwenye kikombe cha plastiki. Nilipopita kuchukua nilikuwa nakiinua kwenye taa na kumuuliza mbele ya wenzake, "Hiki tu?" Nilidhani namtia bidii. Siku ya nne akawa anapata matone. Muuguzi aliyenizidi umri alinyamaza, akamhamishia kiti karibu na mtoto, akambebesha kifuani ngozi kwa ngozi, halafu akakivika kile kikombe soksi ya mtoto ili mama asione kiasi. Baada ya siku mbili soksi ililowa, kikombe kimefurika. Muuguzi yule hakunisema hata neno moja, na ndiyo sababu sijasahau.

Kwa hiyo mkamwana wangu sasa chupa yake ina soksi. Fanyeni hivyo.

Mkitaka hesabu, hizi hapa. Mtoto anayenyonya tu, wa kati ya mwezi mmoja na sita, hunywa wastani wa mililita 750 hivi kwa siku nzima. Ukimwacha kwa muda wa saa tisa, mwachie mililita 250 hadi 300. Usiku atanyonya mwenyewe, na usiku maziwa hutengenezwa kwa wingi. Mama anayeendelea kunyonyesha, akipata mililita 50 au 60 kwa mara moja toka matiti yote mawili, yuko sawa kabisa. Kamua mara mbili au tatu kazini, dakika 15 hadi 20. Ukiruka ruka, mwili unaelewa kwamba maziwa hayahitajiki, unapunguza. Anza mazoezi wiki mbili au tatu kabla ya likizo kuisha, na chagua asubuhi, matiti yanapokuwa yamejaa. Na wale wanaowauzia mitandaoni unga wa kuongeza maziwa, achaneni nao. Kula ugali wako wa uwele na mlenda, kunywa uji na maji ukisikia kiu. Kinachoongeza maziwa ni kuyatoa.

Kuhifadhi. Yakiwa nje, sehemu ya baridi, yanakaa saa nne. Lakini Oktoba na Novemba ya Dodoma siyo "sehemu ya baridi", msijidanganye. Friji ni siku nne, kule ndani na si mlangoni. Friza ni miezi sita. Ofisi isiyo na friji, tumia hotipoti. Ndiyo, hotipoti ya wali. Chombo kinachotunza joto kinatunza na baridi. Gandisha maji usiku kwenye vichupa viwili vya soda, vipange humo pamoja na chombo cha maziwa, funga, na maziwa yatafika Nkuhungu salama hata daladala ikisota njiani. Andika tarehe na saa. Yaliyogandishwa yakishayeyuka yatumike ndani ya saa 24, yasirudishwe kwenye friza. Yaliyobaki baada ya mtoto kunywa, ukipita muda wa saa mbili mwaga, hata kama roho inauma.

Vyombo mvioshe kwa sabuni kila mara na kuvichemsha dakika tano mara moja kwa siku, hasa mtoto akiwa mchanga. Maji yetu yana chumvi, yataacha utando mweupe, usikutishe. Anika ndani juu ya kitambaa safi, maana upepo wa Julai unamwaga vumbi juu ya kila kitu. Na jambo moja la pesa: Mtumba fanyeni kazi, lakini pampu ya mtumba msinunue. Nyingi zinaweza kuingiza maziwa hadi kwenye mashine, mahali usipoweza kuosha.

Titi likiwa gumu, jekundu, na una homa, usilikande kwa maji ya moto kama unasonga ugali. Endelea kunyonyesha kama kawaida, weka kitambaa cha baridi, na homa ikikesha nenda kituoni.

Sasa nigeukie kwa wenzangu, bibi na akina dada wa kazi, maana barua hii wataisoma pia. Jamani, maziwa ya mama yakikaa kwenye friji hayachachi ndani ya siku moja. Yanajitenga, mafuta yanapanda juu, mengine yanakuwa na rangi ya samawati, mengine yananuka kama sabuni kidogo. Ndivyo yalivyo. Jirani yangu aliyamwaga ya mkwewe ya siku mbili akidhani yameoza. Binti alilia nusu saa, nikasikia hadi kwangu. Na ile kwamba mama akitoka juani aanze kuyakamua ya kwanza ayatupe kwa kuwa "yameungua", iacheni. Titi si sufuria. Chovya chombo kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, zungusha taratibu yachanganyike, basi. Msiyachemshe, wala msiyaweke kwenye maikrowevu.

Mimi simpi kwa chupa, nampa kwa kikombe, kile kidogo cha kahawa. Namkalisha wima mapajani, mkono mmoja nyuma ya shingo. Nagusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, naunyanyua mpaka maziwa yaguse tu midomo. Simmiminii. Ulimi unatoka wenyewe, unalamba kama wa paka, kisha anapumzika, ananitazama, anarudia. Mara ya kwanza nusu iliishia shingoni. Siku ya tatu alikuwa anakishika kikombe kwa mikono miwili. Kikombe ni rahisi kuosha kuliko chupa, na hakimzoeshi chuchu ya plastiki akalikataa titi la mama yake.

Na ninyi mabosi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Wengi mnajua mkiulizwa, hamjui mkiombwa. Toka Mtumba kwenda Nkuhungu na kurudi, saa mbili zinaishia barabarani, kwa hiyo saa hizo mpeni akamulie hapo hapo. Anachohitaji ni chumba chenye kitasa kinachofunga, kiti, soketi na sehemu ya kunawa. Mkamwana wangu alianza kwa kukamulia chooni. Sijawahi kumwona mkurugenzi anayekula chapati yake chooni. Baadaye akahamia kwenye gari la mwenzake, kanga kwenye vioo, jua la saa saba likimpiga. Hatimaye alimwandikia bosi wake barua fupi, akataja sheria, akaomba ile ofisi ndogo ambayo haikuwa na mtu, dakika ishirini mara mbili kwa siku. Alijibiwa siku ile ile. Kumbe hakuna aliyekuwa amewahi kuomba. Ombeni, tena kwa maandishi, na muanze kabla likizo haijaisha.

Wenye watoto njiti, na wale ambao kwa ugonjwa au sababu nyingine maziwa hayakutosha kweli, ninyi mnahitaji muuguzi wa kukaa nanyi ana kwa ana, si barua yangu. Msikae na mizani kichwani peke yenu, nendeni kliniki mtoto apimwe.

Naishia hapa maana ni saa kumi na mbili kasoro na mjukuu ameanza kugeuza shingo. Geti linalia. Mama yake bado yuko nje anaongea na jirani, hata viatu hajavua, mtoto kasikia sauti ile, katoa kilio kimoja. "Mama!" ananiita mkamwana toka kibarazani, akicheka, ameibana blauzi kwa mikono yote miwili. "Yameshashuka tayari, mlete!"

Mama yenu,
mkunga mstaafu, Nkuhungu, Dodoma