Risala ya Wanafunzi wa Ufundi Mitambo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Karakana

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Kwa heshima na taadhima tunawakaribisha karakanani. Tumepewa dakika tatu tu, kwa hiyo salamu ndefu tunaziruka, mtuwie radhi.

Mheshimiwa, mezani kwako kuna bushi ya feni, kijipete kinachoshika shafti. Mwenzetu anaipasha moto kwa kiberiti cha gesi. Itazame: inatoka jasho. Hayo ni mafuta, na hakuna aliyeyapaka. Yalikuwa ndani ya metali yenyewe.

Bushi hii haikumiminwa wala kukerezwa. Ilianza ikiwa unga, shaba asilimia 90 na bati 10. Njia moja ya kupata unga huo ni kuyeyusha metali, kisha kuupiga mchirizi wake kwa maji au gesi yenye shinikizo kubwa. Unasambaratika kuwa matone yanayoganda papo hapo. Unga hutiwa kwenye kalibu ukakandamizwa. Kinachotoka kina umbo kamili, ila ni kashata tu: ukikishika vibaya kinamegeka.

Ndipo huokwa, kwenye nyuzi joto 800 hadi 860. Bati huyeyuka mapema, nyuzi 232, likazama ndani ya shaba. Shaba yenyewe huyeyuka kwa nyuzi 1,085, haifiki huko. Chembe zake hushikana pale zinapogusana tu, na kati yake hubaki vitundu, karibu robo ya ujazo wa bushi. Hewa ikifyonzwa humo, mafuta huchukua nafasi yake. Feni ikizunguka, joto huyatoa nje. Ikizimwa, vitundu huyanywa tena. Darasani tulifundishwa kuwa tundu ndani ya metali ni kasoro. Hapa ndilo linalotafutwa!

Tumejaribu kutengeneza yetu. Kukandamiza tulikumudu kwa jeki ya gari na kalibu tuliyoikereza wenyewe. Vipande vitatu vya mwanzo vilipasuka wakati wa kuvitoa, hadi mwalimu aliposema tutie nta kidogo kwenye unga. Kuoka ndiko kulikotushinda. Tanuru letu linapitisha hewa, na vipande vyote vilitoka vyeusi, vikisagika vidoleni kama mkaa. Viwandani huoka ndani ya naitrojeni iliyochanganywa na haidrojeni, oksijeni isipate pa kuingilia.

Ombi letu, Mheshimiwa, ni moja: tanuru dogo la umeme linalofunga kabisa, lenye njia ya gesi. Presi, yaani mashine ya kukandamiza, hatuombi; jeki inatutosha kwa sasa. Mafundi feni wa mtaani wametuletea bushi zilizolika, ndoo nzima, ipo pale mlangoni. Ukitoka, tunaomba uinue moja uitie kidole, uone tundu lake lilivyopanuka upande mmoja.

Tunaomba kuwasilisha.