Mmetupa nusu ya Henry Ford, nusu nyingine iko wapi?

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu mwaka 1978, nilipoajiriwa kufundisha historia, na katika muda wote huo nimekuandikia mara moja tu, kulalamikia fumbo la maneno lililotoka bila vidokezo vya kwenda chini. Sikujibiwa, nikanyamaza. Nilikusudia kunyamaza hivyohivyo hadi mwisho. Lakini makala yenu ya Jumamosi ile, ya Wamarekani saba ambao eti kila kijana anayetaka kutoboa asome maisha yao, imeninyima usingizi, na mke wangu kachoka kunisikiliza. Sasa ni zamu yako.

Sina ugomvi na Wamarekani. Vitabu vya maisha yao nimevisoma kuliko vya dini, Mungu anisamehe. Vingi nimeviokota kwenye mitumba ya vitabu inayotandazwa chini kando ya barabara. Kimoja, cha Lyndon Johnson aliyekuwa Rais wao, kina mhuri wa maktaba ya Ohio na karatasi ya kuazimia inayoonyesha kwamba kwa miaka kumi na moja kiliazimwa mara mbili. Mimi nimekisoma mara tatu. Ninachogomba nacho ni kule kuwaosha. Watu wote saba kwenye ukurasa wenu wamezaliwa katika dhiki, wakaamka saa kumi alfajiri, wakakataliwa na benki, hawakukata tamaa, wakatajirika. Hata yule bondia! Ukizibadilisha picha hakuna atakayegundua.

Mtazame Henry Ford, yule wa magari. Mmeandika kwamba mwaka 1914 aliwapandishia wafanyakazi wake ujira hadi dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya walichokuwa wakipata, kwa moyo wake wa huruma. Dola 5 ni kweli. Huruma mmeiongeza ninyi. Ile kazi ya kusimama mahali pamoja kutwa nzima, gari linapita mbele yako nawe unakaza nati ileile, iliwachosha watu kiasi kwamba mwaka uliotangulia kiwanda kiliajiri zaidi ya watu 50,000 ili kibaki na wapatao 14,000. Alichofanya Ford ni kununua watu wasimkimbie. Na fedha hiyo haikuwa ya kila mtu: aliunda idara ya wakaguzi waliopita nyumba kwa nyumba kuangalia nani anakunywa pombe, nani kwake kuchafu, nani anaishi na mwanamke bila ndoa, na aliyeonekana hafai alikosa nyongeza. Hilo hamkuliona? Basi na gazeti lake je? Wewe ndiye ungepaswa kulijua kabla yetu, maana alikuwa mwenye gazeti kama unayemtumikia. Liliitwa Dearborn Independent, na kuanzia mwaka 1920 lilichapisha wiki baada ya wiki makala za kuwabebesha Wayahudi kila ubaya wa dunia, huku mawakala wa magari yake wakishinikizwa kulisambaza. Aliomba radhi mwaka 1927, baada ya kufikishwa mahakamani. Mwaka 1937 walinzi wa kampuni yake waliwapiga viongozi wa chama cha wafanyakazi mbele ya wapiga picha, kwenye daraja la kuingilia kiwandani. Mwaka 1938, siku anatimiza miaka 75, akavishwa nishani ya serikali ya Hitler, na hakuirudisha. Haya yote yamo katika vitabu vilevile mnavyowaambia vijana wasome. Kwa hiyo ama mwandishi wenu hakuvisoma, ama alivisoma akaamua kuwa sisi ni watoto.

Pengine ningelimeza hata hilo. Lakini wiki iliyofuata SACCOS yetu ya wastaafu ilituita kwenye semina. Tulikuta mhamasishaji, kijana wa suti ya kubana, kalipwa kutoka kwenye akiba zetu wenyewe, na kwenye projekta karusha nini? Ukurasa wenu. Ameukuza hadi Ford akawa na meno ya ukubwa wa sahani. Akatuambia wazee tujifunze kwa Ford jinsi upendo unavyozaa mali. Nikanyoosha mkono. Nikaletewa kipaza sauti, nikaanza taratibu kabisa, kama ninavyoanza na kidato cha pili, nikaeleza wakaguzi, nikaeleza gazeti, na nilipofika kwenye nishani kijana akanikatiza. "Mwalimu, shikamoo." Nikaitikia, maana adabu ni adabu. "Mwalimu, sisi tuchukue mazuri yake, mabaya tumwachie Mungu." Ukumbi mzima makofi. Watu niliofundisha nao miaka ishirini! Mwenyekiti akatuma binti akaja kukichukua kipaza sauti mkononi mwangu kama ananinyang'anya wembe. Nikaketi na sambusa yangu. Ajenda iliyofuata ilikuwa mikopo ya wajumbe wa bodi kwa masharti nafuu, na ilipita bila swali hata moja.

Sasa mtaniuliza, kama walikuwa na madoa hivyo, ya nini kuwasoma? Nawasoma kwa ajili ya hayo madoa. Huyo Johnson wangu wa mtumba, mwaka 1948, aliupata ugombea wa chama chake kwa kiti cha Seneti cha Texas kwa kura 87 kati ya karibu milioni moja, baada ya sanduku namba 13 la mji wa Alice kuongezewa majina kama 200 siku kadhaa baada ya watu kupiga kura. Majina yale yaliandikwa kwa wino mmoja, na wapiga kura wenyewe walikuwa wamejipanga kwa alfabeti, nidhamu ambayo sijaiona kwenye foleni yoyote hapa nchini. Bila majina hayo hafiki Seneti mwaka ule. Miaka kumi na sita baadaye, mtu huyohuyo akiwa Rais, akasaini sheria ya haki za raia, na mwaka 1965 ile ya kuwalinda Wamarekani weusi wapige kura. Na mwaka huohuo wa 1965 akawa anawamwaga vijana Vietnam. Nimekaa na kitabu hicho barazani usiku mwingi nikijiuliza niseme nini juu ya mtu wa namna hiyo, na bado sijajibu. Kwenye ukurasa wenu angepewa mistari sita na neno "maono".

Au Robert Moses, ambaye hamkumgusa. Huyu alitandaza barabara kuu za New York bila kuchaguliwa na mtu hata siku moja, na bila kujua kuendesha gari. Watu wa Bronx walipoambiwa njia inapita sebuleni mwao, hapakuwa na mahali pa kumshitaki. Kitabu cha maisha yake kina zaidi ya kurasa 1,000, lakini mtu wa huku aliyeamka akakuta alama ya X nyekundu ukutani kwake angekimaliza kwa wiki.

Malcolm X, yule mpigania haki za Wamarekani weusi, naye hayumo, nadhani kwa kuwa hakuacha kampuni. Alipomsimulia mwandishi Alex Haley maisha yake hakuficha wizi wake, wala jela aliyoingia mwaka 1946, wala yule binti wa Kizungu aliyemfuata kumuuliza afanye nini asaidie, akamjibu hakuna, neno alilokuja kulijutia. Na huyu alifika Dar es Salaam mwaka 1964. Desemba ya mwaka huo Abdulrahman Babu, mwanamapinduzi wetu wa Zanzibar, akapanda jukwaani kwake Harlem. Ni mtu wa nyumbani kuliko wote saba mliowaorodhesha, isipokuwa mmoja, nami namjia.

Muhammad Ali. Mmeandika alikataa kwenda vitani na akanyang'anywa ubingwa, vizuri. Halafu mmeruka hadi mwenge wa Atlanta wa mwaka 1996. Ndugu Mhariri, gazeti lako linachapwa Dar es Salaam! Februari 1980 Ali alishuka katika jiji hilohilo, katumwa na Rais Carter aje atushawishi tususie Olimpiki ya Moscow kwa sababu Warusi wameingia Afghanistan. Nilikuwa mwalimu kijana huko, na mtaani hapakuwa na habari nyingine. Mwalimu Nyerere hakumpokea; aliona ni dharau kuletewa bondia kuzungumza mambo ya dola. Waandishi wakambana: mwaka 1976 Afrika iliposusia Montreal kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na Makaburu, Marekani ilikuwa wapi? Jibu hakuwa nalo. Tukaenda Moscow, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali mbili za fedha. Nilimpenda Ali kabla ya siku ile na nikampenda baada yake, pengine zaidi, kwa kuwa nilimwona kabeba mzigo asioujua. Waandishi wenu wa miaka ile walikuwepo na kalamu zao. Yule wa leo hata kabati la magazeti ya zamani ya ofisini kwenu hakulifungua.

Nami najua ugonjwa huu ameupata wapi. Ameupata kwenye vitabu vyetu wenyewe. Nimeshahudhuria uzinduzi wa vitabu vya maisha ya wakubwa wetu mara nne, na mara zote nne palikuwa na hoteli, kwaya, mgeni rasmi aliyechelewa saa mbili, na mnada wa nakala ya kwanza. Ndani ya kitabu una picha arobaini za kupeana mikono, na mhusika hajawahi kukosea isipokuwa pale alipowaamini watu kupita kiasi. Dereva wake hasemi kitu. Mke wa kwanza hayumo. Mwaka aliofukuzwa kazi umerukwa kama mtaro. Na bei! Kwa bei ya kitabu kimoja cha namna hiyo, pale chini barabarani napata Wamarekani watano na mabaya yao yote.

Ushauri wangu ni huu. Kila mtakapomsifu tajiri au mkubwa, wa Marekani au wa hapa, pembeni ya picha yake tengeni kisanduku cha sentimita sita kwa nane, herufi za ukubwa uleule, kiitwe "Waliogharimika", na humo mtaje angalau watu wawili aliowakanyaga njiani. Mkisema nafasi hamna, punguzeni safu ya nyota. Mimi ni Ng'e, na kwa miaka miwili sasa mnaniahidi safari ya ghafla na fedha kutoka mbali. Na kwa upande wa mhamasishaji, nitamwazima kitabu changu cha Ford bure, ila aache kitambulisho cha taifa, maana cha Carnegie kilishaondoka na mtu.

Halafu ile picha mliyoweka si ya Henry Ford. Ni ya mjukuu wake, naye aliitwa Henry. Sahihisheni.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga