Sanamu za Koh Ker ziliacha nyayo, vigango vyetu je?

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niongezee neno juu ya makala ya safari mliyochapisha kuhusu mahekalu ya kale ya Wakhmer nchini Kambodia. Mwandishi aliisifu vizuri minara ya Angkor Wat jua linapochomoza, lakini aliishia hapo, na msomaji anaweza kudhani kwamba uzuri huo umekaa salama karne zote hizi.

Mimi nilifika pia Koh Ker, mwendo wa saa mbili na ushei kwa gari kutoka Siem Reap, palipokuwa makao ya Mfalme Jayavarman wa Nne katika karne ya 10. Wageni wengi hukimbilia piramidi yake ya matabaka saba, yenye kimo cha meta 36. Mwongozaji wetu, mama wa makamo, alitupeleka kwanza kwenye hekalu dogo la Prasat Chen, hadi lango la magharibi, ambapo hapana cha kupiga picha isipokuwa mawe yaliyoporomoka na majani makavu. Hapo zilisimama sanamu zilizoonyesha pambano la Bhima na Duryodhana, mahasimu wa Mahabharata, utenzi wa kale wa Kihindi, huku jamaa zao wakiwatazama. Wakati wa vita vya miaka ya 1970 wezi walizikata vifundoni, wakabeba viwiliwili na kuacha nyayo zimeshikamana na vitako vya mawe. Mama yule alichuchumaa, akapangusa majani kwa kiganja, taratibu, kama anayesafisha kaburi la mzazi wake.

Nyayo hizo ndizo zilizotoa ushahidi. Duryodhana, ambaye mwaka 2011 alikuwa tayari kunadiwa New York, alirudishwa kwao mwaka 2014 baada ya kesi ndefu, na mwaka mmoja kabla yake makumbusho ya Metropolitan ya huko huko New York yalikuwa yamerudisha sanamu mbili za watu waliopiga magoti. Nilimwona Duryodhana katika Makumbusho ya Taifa, Phnom Penh: magoti yamekunjwa, mwili umekazwa, yu karibu kuruka. Nilitazama vifundo vyake kwa muda mrefu kuliko uso wake.

Mhariri, pale ndipo nilipovikumbuka vigango, nguzo za mbao za ukumbusho za Wamijikenda wa pwani yetu ya Kenya. Kigango husimikwa kwa heshima ya mzee wa gohu, chama cha wazee wenye hadhi, aliyefariki. Si pambo la sebule. Hata hivyo vingi vimeng'olewa, vikauzwa kwa madalali na kuishia Marekani, na ingawa baadhi ya makumbusho ya huko yamevirudisha, nyumbani hasa kwa vingine hapajulikani. Kigango hakiachi nyayo. Ni gogo lililochimbiwa ardhini, na likishang'olewa, mvua moja tu hulifukia shimo.

Kwa hiyo ushahidi wetu hauna budi kuandaliwa kabla ya mwizi kufika. Naomba gazeti lako, kwa idhini ya wazee wa kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, na kwa kushirikiana na wataalamu wa makumbusho, lihimize kila kigango kilichosalia kipigwe picha, kipimwe na kuandikwa ni cha mzee gani na wa ukoo upi. Picha mzichapishe, ila mahali kilipo msipataje, kwa maana wanunuzi nao husoma magazeti.

Msomaji wenu,
Malindi