Bustani ya sayari nyingine nyumbani kwako: anza na udongo, roboti isubiri

Wateja wengi wanaotaka bustani ya mambo ya anga za mbali wanakuja na picha kibao kwenye simu, na karibu zote ni picha za vitu: kisahani cha viumbe wa angani kimeanguka kifudifudi, roboti ya mabati, taa za zambarau, geti kama mlango wa chombo cha anga. Sawa, vinapendeza. Ila ukivichukua vyote ukaviweka katikati ya nyasi za kila siku na maua ya kila siku, utakachopata ni bustani ileile yenye vyuma ndani yake, na baada ya muda mfupi tu hakuna mtu nyumbani anayeiangalia tena.

Kwaiyo sisi tunaotengeneza bustani hatuanzi kukuuliza unataka vitu gani, tunakuuliza hiyo sayari yako ikoje. Jua lake kali au ni giza giza? Maji yapo? Udongo rangi gani? Kuna wanaoishi huko au walishaondoka wakaacha mashine zao? Watu wanacheka kidogo wakiulizwa hivi, lakini ukishajibu hayo mimea inajichagua yenyewe, na mimea ndo inafanya kazi kubwa hapa maana duniani kwetu kuna mimea ya ajabu kuliko chochote unachoweza kuunda kwa mabati.

Wanaotaka sayari kame nyekundu ndo wengi. Mirihi ni nyekundu kwa sababu vumbi lake lina chuma kilichoshika kutu, na yale mawe mekundu mepesi ya volkano yenye vitundu yamepata rangi kwa namna hiyohiyo, kwaiyo ukiyamwaga chini unapata wekundu wa kweli usiofutika. Kokoto za kupaka rangi hapana, zinabanduka. Matofali yaliyosagwa yanafaa pia, mradi yasiwe na mabaki ya saruji au chokaa, kwa sababu hivyo vinabadilisha udongo na mimea mingine inagoma. Chini yake weka mchanga mwingi na changarawe ili maji yapite haraka, hii mimea inakufa kwa kuoza mizizi kuliko inavyokufa kwa kiu.

Juu yake sasa unapanda mikonge ile yenye rangi ya bluu-kijivu, mishubiri, Euphorbia obesa ya Afrika Kusini ambayo ni duara kabisa kama mpira, na Lithops, hizi ni mimea inayofanana na kokoto mpaka siku inapopasua ua katikati ndo mgeni anashtuka. Ule ubluu kwenye majani ya mikonge ni nta, ukiyashika alama ya vidole inabaki, kwaiyo usiipande pembeni ya njia. Mnyaa nao unapendeza sana, unaonekana kama matumbawe yaliyotoka baharini, ila utomvu wake ukiingia machoni ni balaa, unaweza kuumiza jicho vibaya, ndo maana kwenye nyumba yenye watoto wadogo sisi hatuuweki na anayeupogoa lazima avae miwani. Afu kuna Welwitschia ya jangwa la Namib, yenye majani mawili tu maisha yake yote na inayoweza kuishi zaidi ya miaka 1000. Wengi wanaiulizia. Tunawaambia ukweli: inakua taratibu mno, na mzizi wake mkuu haupendi kuhamishwa.

Sayari ya pili ni ile ya kinamasi na ukungu, na hii binafsi ndo naipenda zaidi japo ina kazi. Hapa unatumia magimbi ya majani meusi, feni (yaani makangaga), na ile mimea inayokula wadudu yenye vikombe, kama Sarracenia na Nepenthes. Sasa hii mimea inayokula wadudu inauawa na upendo. Mtu anaipa mbolea, anaimwagilia maji ya bomba, afu anashangaa imekauka. Imezoea udongo maskini usio na madini, na ndo hasa sababu ilijifunza kula wadudu, kwaiyo inataka maji ya mvua na mbolea kwenye udongo usiweke kabisa. Ukitaka kitu kinachofanana na dunia ya kale kabla ya mamba na ndege, panda Equisetum, zile bomba za kijani zisizo na majani ya maana, ndugu zake walikuwepo zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, lakini ziweke kwenye chungu kilichoziba chini maana mizizi ikitoroka utaifukuza miaka.

Ukungu wenyewe unatoka kwenye kidude kinachokaa ndani ya maji, kina kisahani kidogo kinachotetemeka kwa kasi kubwa mno kuliko sikio linavyoweza kusikia, kinarusha matone madogo sana. Upepo kidogo tu unaupeleka wote kwa jirani, kwaiyo tunakiweka sehemu ya bondeni yenye kuta au mawe pembeni. Maji yenye chokaa yanakiharibu mapema. Na tafadhali, maji yasilale humo wiki nzima, kwenye maji yaliyotuama na yenye joto kuna bakteria wa Legionella wanaoweza kuzaliana, na wewe unakuwa unawarusha hewani watu wavute. Badilisha maji, sugua beseni, basi.

Wengine wanataka kuba, yaani kituo cha watafiti kwenye sayari isiyo na hewa. Tunajenga za vipande vya pembetatu kwa polikaboneti, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Kosa tunaloona kwenye michoro ya wateja ni kuba lililozibwa kila mahali ili lionekane la kweli. Kule Arizona, Marekani, kwenye jengo la Biosphere 2, watu 8 walijifungia mwaka 1991 wakae miaka 2, oksijeni ikashuka kutoka asilimia 21 hivi mpaka kwenye 14 na kitu, vijidudu vya kwenye udongo vilikuwa vinaitumia kuliko ilivyotegemewa, ikabidi waongezewe kutoka nje. Kuba lako halitafika huko lakini joto litapika mimea kwa siku moja ya jua. Madirisha juu na chini, lazima.

Taa. Zile za waridi-zambarau sio urembo wa kubuni tu, kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga walioteshea saladi ambayo wanaanga waliila mwaka 2015 chini ya taa za LED nyekundu na bluu, mchanganyiko wake ndo unatoa ile rangi. Ila nje usiwashe usiku kucha, mimea mingi inapima urefu wa giza ili ijue lini itoe maua, na mwanga wa bluu unaita wadudu. Taima izime saa nne au tano usiku. Tunatumia taa za volti 12, transfoma inakaa pakavu, na soma namba ya IP, yaani kiwango cha kuzuia vumbi na maji, kwenye boksi: 65 inavumilia maji ya kurushwa, 67 inazama mita 1 kwa nusu saa tu, ya kukaa ndani ya bwawa ni 68. Ua-taa, yaani petunia inayong'aa yenyewe kwa jeni za uyoga, imeanza kuuzwa Marekani mwaka 2024, mwanga wake ni hafifu na nchi nyingi zina sheria kuhusu mimea ya namna hiyo, kwaiyo usiagize kienyeji. Mawe yanayonyonya jua mchana na kung'aa usiku yapo, yanafifia kadiri usiku unavyokwenda.

Vitu vya mapambo vinaingia mwisho, na vichache. Dishi la setilaiti la zamani ni zuri sana likifukiwa nusu, lakini lipake rangi isiyong'aa: dishi lililofunikwa foili linakusanya jua sehemu moja na linaweza kuwasha moto kweli. Ngoma ya mashine ya kufulia pia inafaa, kata ncha zake kali.

Ukitutafuta, tuletee vipimo vya eneo, picha za asubuhi, mchana na usiku, na utuonyeshe maji yanatuama wapi mvua ikinyesha. Mwaka wa kwanza patakuwa na nafasi tupu kati ya mmea na mmea, usizijaze, ni za kukulia.